Jibu: Kliniki ya gari kwa kina mama waliokimbia vita, tuanze na dawa au ushauri?

Dada wa Bunia uliyeuliza kuhusu kina mama waliobakwa vitani, mimi ni nesi, nimezunguka na timu za gari kwenye kambi za wakimbizi za Goma, mashariki mwa Kongo, Bulengo, Lac Vert na kwingine, mpaka waasi wa M23 walipoingia mjini mwisho wa Januari 2025 na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa watu wakaambiwa warudi kwao. Hilo swali la dawa au ushauri liache, la kuuliza ni huyu mama utamwona mara ngapi? Panga kama vile hutamwona tena.

Mama ametoka kutafuta kuni upande wa hifadhi ya Virunga, wamembaka huko, anarudi jioni watoto hawajala, hospitali hawezi kwenda na akienda majirani wataulizana. Wakati huo saa zinakimbia, dawa za PEP za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, vidonge vya kuzuia mimba mwisho saa 120 na kadiri unavyochelewa ndo vinapungua nguvu. Ndo maana gari limfuate yeye.

Ila jamani msiweke hema la "waliobakwa", hakuna atakayeingia. Sisi foleni ilikuwa moja, presha, watoto wanaoharisha, wajawazito, wote humo humo, na mama mhamasishaji ambaye naye ni mkimbizi alikuwa anapita kwenye vibanda anasema mwenye shida ya tumbo la chini aje, wenyewe wanaelewa. Turubai halizuii sauti kabisa kwa hiyo radio iwashwe nje, kitenge kama pazia hakitoshi.

PEP ni siku 28, mpe zote siku hiyo hiyo, habari ya "rudi wiki ijayo" kwa mtu anayeweza kufukuzwa kesho ni utani. Halafu ile chupa ya vidonge inalia kama kayamba na watu wanaitambua kuwa ni ya VVU, wengi waliiacha kwa aibu tu, wengine kwa kichefuchefu cha kumeza na njaa, sasa mtafutieni hata unga wa uji na mfichie vidonge kwenye pakiti yenye maelezo. Chanjo ya homa ya ini B na pepopunda msisahau.

Ushauri: usimlazimishe asimulie!! Muulize analala? anakula? nani anajua? Akinyamaza kaa naye. Pale hospitali ya Panzi, Bukavu, kwa Dkt Mukwege, daktari wa kina mama aliyeianzisha, wako kina mama wanaoitwa maman chérie (mama mpendwa), kazi yao ni kuwa na mgonjwa toka anapofika, na mimi naona mama mmoja wa hivyo ana faida kuliko semina zote za mjini. Fistula, yaani tundu ukeni linalovujisha mkojo au kinyesi, haitibiwi kwenye gari, tafuteni mapema nani atamsafirisha na nani atabaki na watoto wake.

Cheti cha daktari cha ushahidi kijazwe akikubali, hata kama leo hataki mashtaka, na nakala ifungiwe kabatini, isibaki kwenye gari maana kuna vizuizi barabarani. Nyinyi huko Ituri mnaenda Djugu au upande wa Irumu? Na dawa mtazihifadhi wapi?