Re: Masta ya kutafiti imani za walimu kuhusu jiometri, kuna kazi kweli?

Mwalimu, unauliza kama kutafiti vile walimu wanaamini kuhusu kufunza jiometri ni kazi ama ni kuchoma karo tu. Ni kazi, lakini pesa ya haraka sahau, wengi huishia kufundisha chuo na kuzunguka wakikagua walimu wa mazoezi. Utamu uko darasani: mi nilikaa nyuma ya darasa moja huku Eastlands, Nairobi, mwalimu anachora pembetatu kitako chini kila siku, ukiigeuza kidogo watoto wanakwambia hiyo si pembetatu, na yeye anaamini ati ni wao wazembe! Soma wale Waholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina, tasnifu zao za 1957 pale Utrecht ndizo zilileta viwango vya kufikiri jiometri. Na kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya Kenya ya sayansi na teknolojia, omba mapema.