NAS ya nyumbani au ofisini: panga kuanzia siku diski itakapokufa

Karibu wote wanaoniomba ushauri kuhusu NAS, yaani kifaa cha kuhifadhi faili kwenye mtandao wa ndani, huanza na swali la chapa: ninunue ipi? Kwangu hilo ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni hili: siku diski moja ikifa, utajuaje, utafanya nini, na faili zako zitakuwa wapi kwa wakati huo? Maana diski hufa. Kampuni ya Backblaze, inayoendesha mamia ya maelfu ya diski na kuchapisha takwimu zake tangu 2013, huripoti kwamba kwa kawaida diski 1 hadi 2 katika kila 100 huharibika kwa mwaka. Ni kiwango kidogo, mpaka ukumbuke kwamba una diski nne, zinazunguka usiku na mchana, na unataka zidumu miaka sita. Chukua asilimia 1.5 upige hesabu: uwezekano wa kupoteza angalau moja katika kipindi hicho ni kama asilimia 30. Mimi hupanga kila kitu kuanzia hapo.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa, NAS ni kompyuta ndogo isiyo na skrini, yenye nafasi za kuchomekea diski, iliyounganishwa na rauta kwa kebo. Kila mwenye ruhusa kwenye mtandao huo, awe anatumia simu au laptopu, anaweka na kuchukua faili humo. Mengine yote, picha kujipakia zenyewe kutoka kwenye simu, filamu kuonekana kwenye televisheni, kamera za ulinzi kurekodi, ni programu zilizowekwa juu ya kazi hiyo moja. Kama una kompyuta ya zamani iliyokaa bure, unaweza kuigeuza kuwa NAS kwa TrueNAS au OpenMediaVault bila kulipia programu. Ushauri huo nawapa wale tu wanaofurahia kuhangaika na mashine. Ofisi isiyo na fundi wake inunue kifaa kilicho tayari.

Neno linalowapoteza wengi ni RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Wazo hilo lilielezwa mwaka 1988 na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Walionyesha kwamba diski nyingi za bei nafuu zikifanya kazi pamoja zinaweza kuishinda diski moja kubwa ya gharama, mradi kuwe na ziada ya kufidia ile itakayoharibika. Ziada hiyo inahakikisha kazi haisimami. Haizuii faili kupotea. Ukifuta folda ya mikataba kwa bahati mbaya, imefutika kwenye diski zote sekunde ileile. Programu hasidi ikifunga faili zako kwa msimbo, imezifunga kwenye diski zote. Mwizi akibeba kifaa, amebeba diski zote kwa mkono mmoja. Mtu akiniambia "mimi nina RAID 1, kwa hiyo nina bakapu," najua hana bakapu, yaani nakala ya pembeni ya faili zake.

Bado RAID naipenda, kwa kazi yake. Nyumbani, diski mbili katika RAID 1 zinatosha: moja ni nakala ya nyingine, na hesabu yake ni rahisi hata kwa asiye fundi. Diski mbili za terabaiti 4 zitakupa terabaiti 4, na huenda kompyuta ikakuonyesha kama 3.6, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na kompyuta nyingi kwa 1,024. Hujaibiwa.

Ofisini mvuto mkubwa ni RAID 5, kwa kuwa diski nne za terabaiti 4 zinatoa nafasi ya 12 na moja tu ndiyo inayoliwa na ziada. Shida inajificha kwenye ukubwa wa diski za siku hizi. Diski moja ikifa, mpya ya terabaiti 8 inayochukua nafasi yake ikijazwa upya kutoka kwenye zilizobaki kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, bila kusita, itachukua karibu saa 15. Hiyo ni kama hakuna anayeigusa NAS. Watu wakiendelea na kazi, muda huo unaweza kuvuka siku nzima na zaidi. Wakati wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, hazina ziada yoyote, na aghalabu zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa. Ndiyo maana kwa diski kubwa mimi huchagua RAID 6, inayovumilia kufa kwa diski mbili, au jozi za diski zinazonakiliana. Utapoteza nafasi, lakini usiku ule utalala.

Kwenye kununua diski, soma karatasi ya vipimo kabla ya kulipa uone kama ni CMR (mistari ya data imekaa pembeni kwa pembeni) au SMR. Diski za SMR hulaza mistari ya data moja juu ya nyingine kama vigae vya paa ili zibebe zaidi, kwa hiyo kuandika upya mstari mmoja kunalazimu kuandika na majirani zake. Kwa faili zinazowekwa mara moja na kuachwa, hazina ubaya. Ndani ya RAID inayojijenga upya zinaburuta miguu, na wakati mwingine NAS huzihesabu kuwa zimekufa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za Western Digital za jina la Red, zilizouzwa mahususi kwa NAS, zilikuwa za SMR bila mnunuzi kuelezwa. Baadaye kampuni iliziweka zile za CMR chini ya jina la Red Plus. Jina lililo kwenye boksi, basi, halitoshi. Nunua pia diski moja ya ziada uifungie kwenye droo, na ukiweza, usichukue zote kutoka shehena moja.

Kabla ya kuchomeka diski, kuna kazi ya dakika chache ambayo ni wachache huifanya. Chukua karatasi, andika namba ya utambulisho ya kila diski pamoja na nafasi iliyokaa, kisha uibandike ubavuni mwa kifaa. Siku diski ya tatu ikifa, mfumo utakuambia namba. Ukikosea ukachomoa ya pili katika RAID 5 ambayo tayari imepungukiwa, umeiangusha yote kwa mkono wako.

Mahali pa kuiweka pasiwe juu ya friji, wala ndani ya kabati lililofungwa, wala chumbani unapolala, kwa sababu diski hukoroma. Napenda kuona joto la diski likiwa kati ya nyuzi 30 na 45 za Selsiasi. Vumbi likijaa kwenye feni joto hupanda taratibu bila mtu kushtuka, kwa hiyo puliza vumbi kila baada ya miezi michache, kifaa kikiwa kimezimwa. Iunganishe kwa kebo. Mtandao wa gigabiti 1 hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, na kwa watu wengi hiyo inatosha kabisa. Wi-Fi iache kwa simu.

UPS, ile betri inayoshikilia kifaa umeme ukikatika, sijawahi kuiona kama anasa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili inaweza kubaki nusu, na wakati mwingine orodha nzima ya faili ikavurugika. Lakini kuwa na UPS ni nusu ya kazi tu. Iunganishe na NAS kwa kebo ya USB, uipange NAS ijizime yenyewe betri inapokaribia kuisha, kisha chomoa plagi ya ukutani ushuhudie ikizima. Betri ya UPS nayo huzeeka. Miaka mitatu hadi mitano ndiyo kawaida yake, na haiagi.

Sasa usalama, ambako nina msimamo mkali. Usiifungue NAS yako kwa intaneti moja kwa moja. Aprili 2021 wadukuzi wa Qlocker walizifunga faili za wamiliki wengi wa NAS za QNAP na kudai kikomboleo. Januari 2022 wakaja wengine kwa jina la DeadBolt, wakalenga vifaa vya kampuni hiyohiyo. Waliowahi kufungua poti za rauta, yaani milango ya kuingilia kutoka intaneti, ili waone faili zao wakiwa safarini ndio waliofikiwa kwa urahisi. Ukitaka kuingia ukiwa mbali, pitia VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa kwa msimbo. WireGuard inatosha, na rauta nyingi mpya zinaikubali. Zima UPnP kwenye rauta ili kifaa kisijifungulie mlango bila wewe kujua. Akaunti iliyokuja na kifaa kwa jina la "admin" izime, utengeneze yako, uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Zima pia SMB1, ile njia ya zamani ya kugawana faili ambayo programu hasidi ya WannaCry iliipitia Mei 2017. Printa ya kizamani ikikataa kutuma nyaraka bila SMB1, nitabadilisha printa.

Kinga yangu ya pili ni snapshoti. NAS inayotumia Btrfs au ZFS, mifumo ya kupanga faili kwenye diski, inaweza kuhifadhi hali ya folda ilivyokuwa kila saa au kila siku, na kwa kuwa inahifadhi mabadiliko tu, haili nafasi nyingi. Mfanyakazi akifuta ripoti asubuhi, mchana unairudisha bila kelele. Mimi naziweka za kila siku kwa mwezi mmoja, na kwa folda za hesabu, za kila saa. Hata hivyo snapshoti zimo ndani ya diski zilezile, na mwenye nywila ya msimamizi anaweza kuzifuta.

Kwa hiyo tunarudi kwenye bakapu yenyewe. Kanuni niliyoishikilia ni ile iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja ikae mbali. NAS ni nakala moja. Ya pili naiweka kwenye diski ya nje ya USB, na ikimaliza kunakili naichomoa, maana diski isiyochomekwa popote haiwezi kudukuliwa. Ya tatu iko kwenye wingu, imefungwa kwa msimbo kabla ya kuondoka nyumbani. Ufunguo wa msimbo huo usiuweke ndani ya NAS pekee. Uandike kwenye karatasi uuhifadhi mahali pengine. Si lazima kila kitu kipate nakala tatu. Filamu ninazoweza kuzipata tena sizihangaikii. Picha za watoto, hati, na vitabu vya hesabu vya ofisi, ndiyo.

Na urejeshaji ujaribiwe. Kila robo mwaka nachagua folda moja bila mpangilio, nairejesha kutoka kwenye wingu hadi kwenye laptopu, nafungua faili zake moja baada ya nyingine. Programu ya bakapu inaweza kuandika "imefaulu" miezi mingi huku ikinakili folda tupu, kwa sababu tu mtu alibadilisha jina la folda ya asili.

Matunzo mengine ni madogo. Weka barua pepe ya tahadhari, kisha ujitumie ya majaribio uone kama inafika. Kengele isiyosikika haina kazi. Panga ukaguzi wa data nzima mara moja kwa mwezi, usiku, ili makosa yajitokeze kabla ya siku ya shida. Kwenye taarifa za SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujitolea yenyewe, mimi hutazama namba 5 na 197, yaani sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Namba 5 ikipanda mara moja kisha ikatulia, naiweka chini ya uangalizi. Ikiendelea kupanda, diski naibadilisha bila kungoja ife. Masasisho ya usalama nayaweka mara moja. Yale yanayobadilisha mfumo mzima nasubiri wiki kadhaa, wenye haraka wayajaribu kwanza.

Ofisini ongeza jambo moja: mtu wa pili ajue. Nywila ya msimamizi ikae kwenye bahasha iliyofungwa, na awepo mwingine anayejua diski ya akiba iko wapi. Nimeona ofisi ikisubiri wiki nzima kwa sababu mjuzi wao pekee alikuwa likizo.

Siku yenyewe ikifika, NAS ikianza kulia, usiizime na kuiwasha kwa matumaini. Sasisha bakapu kwanza, wakati faili bado zinasomeka. Soma namba ya diski iliyokufa, ilinganishe na karatasi yako ubavuni. Chomoa hiyo, ingiza mpya yenye ukubwa uleule au zaidi, amuru ujenzi uanze, kisha waombe watu wapunguze kazi nzito mpaka uishe. Baada ya hapo nunua nyingine ya kuweka kwenye droo.

Diski iliyokufa angalia udhamini wake. Za NAS nyingi hupewa miaka mitatu, na zile za daraja la juu mitano. Kama folda zako zilifungwa kwa msimbo tangu mwanzo, unaweza kuirudisha kwa mtengenezaji bila wasiwasi. Kama hazikufungwa na diski haikubali tena kufutwa, mimi husamehe udhamini na kuitoboa kwa drili.