Kabla hujatia pesa ya korosho kwenye miwani ya VR

Malipo ya mnada yakianza kuingia, swali ninaloulizwa ni lilelile: "Kaka, nikinunua miwani ya VR nikaiweka kibandani, italipa?" Ni ile miwani mikubwa inayofunika macho, ukiivaa unajiona uko ndani ya gemu. Wanaouliza ni vijana wenye vibanda vya gemu hapa Mtwara, Masasi na Newala, na wengine ndio kwanza wanataka kuanza. Wameona video mtandaoni, mtu kavaa miwani anarusha mikono hewani, watu wamemzunguka wanacheka, nao wakaanza kupiga hesabu za buku mbili mbili. Mimi nina kibanda Magomeni ya hapa Mtwara na miwani hiyo ninayo, kwa hiyo nijibu mara moja kwa wote. Kibandani hailipi. Kwenye maonesho na sikukuu inalipa.

Kibanda cha gemu hakiishi kwa wale wawili walioshika padi. Kinaishi kwa waliokaa benchi. Wanatazama mechi, wanazomea, wanamwambia anayefungwa aachie nafasi, na huku wanasubiri zamu. Anayesubiri ndiye mteja wako wa mechi inayofuata, na soda anayokunywa ni faida juu ya faida. Sasa mvalishe mmoja miwani. Yeye yuko angani na mapanga yake ya mwanga, benchi linaona mtu anayepunga mikono kama anafukuza nyuki. Mwanzoni watacheka. Baada ya muda mfupi kila mmoja ameinamia simu yake, na wawili watatu wameshatoka.

Utaniambia picha inarushwa kwenye TV. Ni kweli, Quest, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, inarusha kwa wifi, na ukiwa na watazamaji fanya hivyo. Lakini picha ile inafuata kichwa cha mchezaji, akigeuka ghafla nayo inageuka, na anayeitazama kwa muda macho yanamchoka. Tena TV hiyohiyo ingekuwa imebeba wateja wawili wa mpira.

Halafu kuna suala la kurudi. Kijana aliyefungwa mabao manne jana atakuja leo, hata kama hana hela ya kula, kwa sababu aliyemfunga anamtambia mtaani. Wa VR anatoka amepigwa na butwaa, anawasimulia wenzake mpaka Chikongola, lakini yeye mwenyewe humuoni tena. Hana wa kulipiza kisasi. Alikuja kushangaa, na mshangao ameshaumaliza.

Msidhani ni umaskini wetu wa Kusini. Nintendo walitoa Virtual Boy, mashine ya gemu ya kuchungulia kama miwani, mwaka 1995, mwaka uliofuata wakaachana nayo. Facebook, ambao sasa wanaitwa Meta, walinunua Oculus, kampuni ya miwani ya VR, mwaka 2014 kwa karibu dola bilioni 2, na miwani ya Rift ilipoingia sokoni mwaka 2016 iliuzwa dola 599, bado hujanunua kompyuta yenye nguvu ya kuiendesha. Wengi tukasema tatizo ni bei. Mwaka 2020 ikaja Quest 2 kwa dola 299, haihitaji kompyuta wala waya, ikauzwa sana. Pamoja na hayo, kitengo cha Meta kinachotengeneza vitu hivi kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 17 kwa mwaka 2024 peke yake. Sony nao mwaka 2023 walitoa PlayStation VR2 kwa dola 549.99, ghali kuliko PS5 yenyewe inayoiendesha, na Machi 2025 wakashusha hadi 399.99. Gemu kubwa za VR kama Half-Life: Alyx ya mwaka 2020 zimekuwa za kuhesabu, kwa sababu watengenezaji wanangoja wanunuzi waongezeke, na wanunuzi wanangoja gemu ziongezeke. Wakubwa wenyewe wanahangaika hivyo, wewe na kibanda chako cha bati usitarajie miujiza.

Nikija kwenye tumbo sasa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kila anayevaa mara ya kwanza anataka treni za kupanda na kushuka au mbio za magari. Mnyime. Nilimvalisha mvuvi mmoja wa Msanga Mkuu, mtu ambaye amekulia kwenye ngalawa, akaomba gari. Kona chache tu akautafuta ukuta kwa mkono, akakaa chini mchangani, jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo. "Mzee, bahari haijawahi kunifanya hivi," akaniambia. Haikumfanya hivyo kwa sababu baharini mwili unasukwa kweli, na sikio la ndani linalopima mwendo linajua. Kwenye miwani macho yanaapa kwamba unakimbia, sikio linasema umesimama, na tumbo ndilo linalolipia ugomvi huo. Kwa hiyo mgeni mwanzishie gemu za kusimama pale pale. Beat Saber, ile ya kukata vibao kwa kufuata muziki, imedumu tangu 2018 na nadhani sababu mojawapo ni hiyo: mikono inafanya kazi, dunia haiendi popote. Akianza kupiga miayo au kumeza mate, vua. Usimuache eti amalizie dakika zake.

Joto letu nalo ni adui. Chini ya bati mchana, uso unatoa jasho kabla hata gemu haijafunguka, sponji ya miwani inayogusa uso inalowa, lenzi zinapata ukungu, na mteja anakwambia picha mbovu wakati picha haina kosa. Toa sponji ya kiwandani, weka kifuniko cha silikoni kinachofutika, na uwe na feni inayompiga mchezaji usoni. Feni inasaidia hata kichefuchefu. Lenzi futa kwa kitambaa laini kikavu, siyo pindo la fulana, siyo spiriti. Na jua! Miwani ikilala mezani lenzi zikitazama jua, hata kwa muda mfupi, mwanga unakusanywa na kuunguza skrini ndani. Doa lile halitoki. Ukimaliza kumvua mtu, ilaze kifudifudi au irudishe kwenye boksi.

Kwa hiyo ipeleke wapi? Nane Nane pale Ngongo, Lindi, ndiko kwenyewe. Watu wametoka Nachingwea, Liwale, Tandahimba, hawatarudi kesho hata gemu ingekuwa tamu vipi, na wamekuja kushangaa. Kila mtu ni mteja wa mara ya kwanza. Idd ni hivyohivyo. Toza shilingi 2,000 kwa dakika nne tano, hakuna atakayelalamika, na ile foleni inajitangaza yenyewe.

Tafuta msaidizi wa kike. Kumfunga dada mikanda ya kichwani juu ya mtandio, huku umati unatazama na pengine mume yupo, si kazi yako wewe kijana. Mikanda yenyewe inapita juu ya mtandio bila shida. Kwenye rasta nene ilegeze kwanza, usivute. Wenye miwani ya macho waulize kabla, kuna kipande cha kuweka nafasi ili vioo visikwaruzane. Watoto wadogo kataa hata mzazi akisisitiza. Meta wanaanzia miaka 10, Sony 12.

Chora duara la chaki au tandika mkeka, mchezaji akihisi mchanga kwa unyayo anajua ametoka. Chaji inakaa saa mbili hivi, kwa hiyo pawabenki ya kutosha ni lazima, maana umeme wa banda la maonesho hauna mwenyewe. Gemu pakua zote ukiwa nyumbani na uzijaribu bila intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika nchi nzima ilihangaika na mtandao, na gemu inayodai kuingia akaunti kila inapofunguka itakuacha umesimama mbele ya foleni.

Kama unanunua, Quest 3S ilitoka kwa dola 299. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500 ni kama laki saba na nusu kabla ya usafiri na kodi, na mimi sijaona duka hapa mjini linaloiweka kwenye rafu. Ya mtumba kutoka Dar ni nafuu, ila usitume hela kabla hujapigiwa simu ya video ukaona skrini zote mbili zinawaka, padi zote mbili zinafuata mkono, na muuzaji ameondoa akaunti yake. Ukiiuza wewe baada ya Nane Nane, fanya vivyo hivyo: ondoa akaunti, badilisha sponji, weka na boksi lake. Kwa boksi utaongezewa hela ya maana.