Mvinje wa Pwani katika kiwanja cha Nairobi

Swali: Nilitoka Kilifi na mche wa msonobari, nikaupanda hapa Ruaka. Jirani anasisitiza si msonobari. Nani mkweli?

Jirani yako. Chuma moja ya hizo unazoziita sindano, shika ncha zote mbili, uvute taratibu. Ikikatika kwenye pingili kama muwa mdogo mno, na kiungoni ukaona vijimeno vimeizunguka, huo ni mvinje. Vijimeno ndivyo majani yenyewe; sindano ni kijitawi. Sindano ya msonobari haina pingili. Miti hii miwili haina undugu, ingawa yote hubaki kijani mwaka mzima.

Swali: Basi huo mvinje utastawi Nairobi?

Utamea, ila usiutarajie mwendo wa Pwani. Casuarina equisetifolia, mvinje wa ufukweni, umezoea joto, mchanga na upepo wa chumvi. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai mnaijua. Anayepanda upya ningemshauri atafute ndugu zake: Casuarina cunninghamiana wa kingo za mito ya Australia, au Casuarina junghuhniana wa milima ya Indonesia. Kitaluni taja jina zima, kwa maana yote huuzwa kama mvinje tu.

Swali: Wangu una miezi minane, udongo ni mwekundu, na umeanza kuwa manjano. Niweke mbolea gani?

Kwanza hakikisha maji hayatuami shinani. Kisha fukua kidogo utazame mizizi. Mvinje wenye afya una vinundu mizizini, na ndani yake huishi bakteria waitwao Frankia, wanaoutafutia mti nitrojeni kutoka hewani. Usipoviona, tafuta mvinje mkubwa wenye afya, omba ndoo ya udongo wa chini yake, uuchanganye kuzunguka mizizi ya mche wako na kumwagilia. Nguvu ya mti huu iko hapo. Mwaka 1971, mwanamazingira René Haller alipoanza kufufua machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, palikuwa jiwe tupu la matumbawe. Mvinje ukawa miongoni mwa miti michache sana iliyoshika.

Swali: Chini ya mvinje wetu mkubwa nyasi zimekufa. Tufagie sindano tuzichome?

Tafadhali msichome. Nyasi zimekosa mwanga na maji, na zimefunikwa. Sindano za mvinje huoza polepole. Kule Bamburi zilirundikana hadi Haller alipoleta majongoo, wakazitafuna zikawa mboji. Nanyi mkiona jongoo hapo, mwacheni. Zinazozidi zitandazeni kwenye shina la mparachichi au migomba.

Swali: Nimeupanda mita mbili kutoka ukutani, chini ya nyaya za stima. Kuna neno?

Lipo. Mvinje huweza kufikia mita 30. Uhamishe mvua za Machi zikianza, ukiwa bado unafika magotini, na uung'oe na bonge lote la udongo.