Ndondi bado iko mbele kwa pambano moja kubwa
Kuna wanaosema MMA, ile ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, imeshaipita ndondi. La yakhe, haijaipita, angalau sio kwa pambano moja kubwa. Pambano la mabondia Mayweather na Pacquiao 2015 liliuzwa kama mara milioni 4.6 kwa malipo ya tivii kule Marekani, na la UFC, ile kampuni kubwa ya mapambano ya MMA, lililouza zaidi ni Khabib na McGregor 2018, kama milioni 2.4 hivi, yaani nusu na kidogo tu. Hata McGregor mwenyewe hela yake kubwa aliipata 2017 alipoingia ringini kupigana ngumi na Mayweather. Ila ukiniuliza vijana wanaongea nini hapa Majengo, wengi ni UFC, na nawaelewa kwa sababu kule wakali wanakutanishwa mapema, kwenye ndondi mapromota wanavutana miaka na miaka, Mayweather na Pacquiao walikutana mmoja ana 38 na mwengine 36, wallahi inauma sana mtu ukiwa unaipenda ngumi. Na sisi Wakenya tuna bondia Robert Wangila, dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, MMA hata Olimpiki haijaingia.