Kabla Mwili Haujakukata Mshahara

Dada mmoja wa Changamwe ameniandikia wiki hii. Anafanya kazi kwenye ghala la majani ya chai, kusimama kutwa, na magoti yamemchosha. Msimamizi wake kamwambia mbele ya wenzake kwamba mwili wake ndio unaowachelewesha. Aniuliza afanyeje.

Nilisaga meno. Maneno kama hayo nami niliambiwa, kwenye mkutano, na bosi ambaye kitambi chake chenyewe kilikuwa kinagusa meza. Sijasahau wala sitarajii kusahau.

Mimi ni karani wa kliaringi, kazi ya kutoa mizigo bandarini. Nilifika kilo 94 kwa urefu wa mita 1.58. Gawanya kilo kwa urefu mara urefu, unapata 37 na ushei. Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu unene wa kupindukia kwenye 30. Lakini nani alikuwa anahesabu? Nilijiona nimenawiri, na hapa Pwani mke akinawiri anayesifiwa ni mumewe. Asubuhi mahamri na mbaazi, saa nne viazi karai mlangoni mwa ofisi, usiku wali wa nazi hadi sahani iwe nyeupe.

Ikaja presha, kisha goti la kulia. Hapo ndipo nilipojua unene unalipiwa. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinampa aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, halafu 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kipindi cha miezi 12, na lazima uwe na karatasi ya daktari. Zangu za mshahara kamili zilikwisha kabla ya Pasaka. Nikaonja nusu mshahara, na kodi ya nyumba haijui nusu. SHIF, bima ya afya ya serikali, inakata asilimia 2.75 ya mshahara wako, uwe mwembamba au mnene. Kinachomaliza mfuko ni vile vya pembeni: tuktuk ya kwenda kliniki kwa sababu goti limegoma, picha ya eksirei, vidonge vya presha kila mwezi, na kadi ya bima ya kampuni iliyokauka mwaka ungali mbichi.

Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilichapisha mwaka 2007 uchunguzi juu ya wafanyakazi wake 11,728. Wenye kipimo kile cha uzito kwa urefu cha 40 kwenda juu walidai fidia ya kuumia kazini mara mbili ya wale wenye uzito wa kawaida, na siku zilizopotea kwa majeraha hayo zilikuwa karibu mara 13. Mabosi wakizisikia hesabu hizo hupata fimbo. Mimi naona zinawaambia waweke viti kwenye maghala.

Nilianza kutembea. Nikishuka feri ya Likoni siitazami tuktuk, napanda Nyerere Avenue kwa miguu hadi kazini. Wali wa usiku nikaupunguza nusu, mchicha ukajaza pengo. Miezi ya katikati siisimulii, ilikuwa njaa na hasira tu. Leo nina kilo 83, na juzi kwenye upimaji wa ofisi muuguzi alirudia kipimo cha presha akidhani mashine imeharibika. Nilimwacha arudie.

Ninyi mnaosoma hapa mnataka cheo, mnataka kiwanja Mtwapa, mnataka watoto wasome. Basi tembeeni. Punguzeni wanga wa usiku, kisha tembeeni tena. Acheni kukiita kitambi heshima! Mume anayekukataza kupungua ndiye atakayelalamika ukilazwa. Na wanaume msinicheke: kiuno kikipita sentimita 94 kwenu, au 80 kwetu, hatari ya moyo na sukari imeshapanda.

Dadangu wa Changamwe, watafiti wa magoti walikuta kila kilo moja unayopungua inaliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua, kwa hiyo usingoje upungue sana. Lakini kwanza nenda ukapimwe presha na sukari. Mwambie daktari unasimama saa ngapi kwa siku, aandike kwenye karatasi kwamba unahitaji kukaa kila baada ya muda. Ipeleke ofisini mwenyewe, si kwa msimamizi yule, na ubaki na nakala.