Ashike Anayejua Zinakokwenda

Ndugu mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza: familia ikihamia nchi ya watu na mke akawa ndiye mwenye kipato kikubwa, je, ni haki mume aendelee kushika pesa za nyumba? Nimelisoma kwenye basi nikitoka zamu ya usiku, nikalisoma tena nyumbani nikiwa bado na sare ya kazi, usingizi wote ukaruka. Jina langu msilitoe. Wanaonifahamu watanitambua tu, na hao sina la kuwafanya.

Jibu la haraka: si haki. Pesa ashike aliyezitolea jasho. Nilikuja Uingereza mwaka 2022, ule mwaka walipoanza kutoa viza kwa kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, nikatangulia peke yangu na kuwaacha watoto wawili Morogoro na baba yao. Wasioijua kazi hii hudhani ni kukaa na bibi na kumsomea gazeti. Ni kumgeuza mtu mzima kitandani saa tisa usiku bila kumchubua ngozi, ni kubadilisha shuka ya tatu tangu jioni, huku anakuita jina la binti yake aliyekwisha kufa. Mume na watoto walinifuata mwaka uliofuata kwa mgongo wa viza yangu. (Tuliwahi. Tangu Machi 2024 kea anayekuja haruhusiwi kuleta familia, na Julai 2025 mlango wenyewe wa kuajiri kea kutoka nje ukafungwa.) Halafu mtu aje aniambie kwamba mshahara ulioingia kwa jina langu, kwa mkataba wenye jina langu, niukabidhi kwa mwingine kwa sababu ndivyo tulivyozoea Morogoro?

Nilitaka kuishia hapo, nipige muhuri nilale. Lakini kadiri ninavyoandika naona swali lenyewe limeulizwa kinyumbani-nyumbani. Nyumbani pesa inashikika kweli. Mwenye nyumba unampelekea kodi ya miezi sita kwa mpigo, umeme unanunua ukitaka, maji yakikatika unamwita kijana wa mkokoteni na madumu yake, na zinazobaki ziko kwenye simu au chini ya kanga kabatini. Anayeshika anajulikana, maana akitoka na pochi yake nyumba nzima inasubiri arudi.

Huku hazishikiki. Zinajiondokea. Tarehe mosi kodi ya nyumba imejikata, tarehe kadhaa mbele maji, simu, intaneti, nauli ya mwezi, kodi ya halmashauri. Unaamka asubuhi unakuta akaunti imepungua na hakuna aliyekuomba chochote. Mtu anaweza kuwa na kadi ya benki mfukoni, akajiona yeye ndiye mshika pesa, kumbe anashika plastiki. Kwa hiyo mimi ningeuliza hivi: katika hiyo nyumba, ni nani anayejua zinakwenda wapi na siku gani?

Niwape mfano, na mnisamehe nikiurefusha.

Nyumba tuliyopanga mume wangu alipofika ina mita za kulipia kabla, ya umeme na ya gesi. Umeme una kiufunguo cha plastiki, gesi ina kadi. Unakwenda nazo duka la kona, unampa muuzaji pesa, anazichomeka kwenye mashine, unarudi kuchomeka kwenye mita. Mume wangu alipoziona alifurahi kama aliyekutana na ndugu. "Kumbe na hawa wana LUKU!" (Ndiyo mita yetu ya umeme ya kulipia kabla huko Tanzania.) Akazichukua zikawa zake. Mimi nilikuwa na mshahara, yeye ana mita. Nyumbani alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari. Huku alianza kwa kupanga maboksi kwenye ghala, usiku, kwa siku wanazomwita. Sikuona ubaya awe na kitu cha kusimamia.

Ilikuwa mwaka 2023. Mwezi wa tano baridi ikaisha na gesi nayo ikaisha kwenye mita. Hakuna aliyejali. Jiko letu ni la umeme, shawa ya bafuni ni ya umeme, gesi kazi yake ni zile hita za ukutani tu. Mume wangu akasema tusiweke hata peni moja mpaka baridi irudi, na kwa akili ya mtu yeyote aliyekulia kwenye LUKU hilo ni neno la busara: usipotumia hulipi. Kadi ya gesi ikakaa juu ya friji kiangazi chote. Hela zilizobaki zikaenda kwenye bati za nyumba ya mama yake, na nilikubali mwenyewe, kwa hiyo hapo msinitafutie ugomvi.

Oktoba ikaingia na baridi yake ya unyevu, ile inayopita kwenye soksi. Jioni moja, mimi nikijiandaa kwenda kazini, watoto wamekaa kwenye kochi na makoti ya shule, yeye akaenda dukani akaweka pauni 20 kwenye kadi. Kabati la mita liko chini ya ngazi. Unaingia kwa kuinama, na taa ya humo iliungua kabla hatujahamia. Nikammulikia kwa simu. Akachomeka kadi. Kioo kikafikiri, kikaandika deni. Si sifuri, deni, na pauni 20 hazipo.

Akaichomoa, akaifuta kwenye shati, akaichomeka tena. Deni. Akasema muuzaji kamwibia, akavaa koti akarudi dukani. Nilimfuata, maana mume wangu akikasirika Kiingereza chake kinakuwa cha darasani, anaanza kumwuliza mtu maswali kama anamsahihishia mtihani. Muuzaji maskini ya Mungu akatoa nakala ya risiti, akaonyesha pauni 20 zimeingia. Mume wangu akaweka nyingine 20, kwa hasira, ili amwonyeshe. Tukarudi. Tukainama. Deni limepungua, lakini ni deni.

Hapo ndipo alipoingia jirani yetu, dada wa Mombasa aliyekaa mji huu miaka mingi, alikuwa kaja kurudisha sufuria. Akatukuta watu wazima wawili tumejikunja kabatini na simu inamulika. Alipoelezwa akacheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, hiyo mita yala kila siku. Utumie usitumie, yala. Ni malipo ya kuwa nayo tu hapo ukutani."

Mume wangu akanyamaza. Kisha akachukua bahasha ya barua ya maji, akaigeuza nyuma, akaomba kalamu. Akamwuliza yule dada kiwango cha siku: karibu peni 30 kwa gesi. Akahesabu siku tangu mwezi wa tano, mwezi kwa mwezi, akizidisha kwa sauti kama yuko ubaoni. Jumla ikaja karibu pauni 50. Akatoa zile 40. Iliyobaki ikafanana na deni lililokuwa kwenye kioo, tofauti ni peni chache. Laki moja na nusu ya shilingi kwa wakati ule, ya gesi ambayo haikuwahi kuwaka.

"Basi hawa," akasema, na bahasha bado iko mkononi, "na wao wanakata kodi ya jengo kwenye LUKU."

Wasomaji wa nyumbani wataelewa kwa nini nilicheka mpaka nikachelewa basi. Tangu 2021 kila mpangaji wa Tanzania anajua uchungu wa kununua umeme ukakatwa kodi ya jengo lisilo lako, halafu mwenye nyumba anakwambia tutahesabiana. Ila siku ile kilichonibaki kichwani ni ile bahasha. Nilikuwa na mwaka mzima zaidi yake katika nchi hii. Mshahara ulikuwa wangu. Na sikuwahi kukaa chini kuhesabu kitu chochote namna ile. Nilikuwa nalipa, nalala, naamka, nalipa.

Kesho yake akanunua daftari la mistari. Akaandika kila kinachojikata: tarehe, kiasi, kwa jina la nani. Humo ndimo nilimojifunza kwamba kodi ya halmashauri kwa kawaida hukatwa miezi kumi, Aprili mpaka Januari, Februari na Machi ni mapumziko. Nyumba nyingi za watu wetu huingia mkenge hapo: wanaona akaunti ya Februari imenenepa, wanadhani mwajiri kaongeza, wanazituma nyumbani zote, kisha Aprili bili mpya inawakuta wakavu. Na ukichelewa unakumbushwa kwa barua yenye siku saba. Ukipuuza, ile haki ya kulipa kidogo kidogo inapotea na unadaiwa mwaka mzima kwa pamoja, kisha mahakama. Barua yetu ina majina yote mawili, maana mke na mume wanaokaa pamoja hudaiwa wote. Halmashauri haikuuliza nani ni kichwa cha nyumba. Nadhani hilo peke yake ni nusu ya jibu la swali lenu.

Kuhusu kutuma nyumbani sitasema sana, mnajua wenyewe. Shida si kwamba ndugu wanaomba. Shida ni kwamba pesa inafika kwenye simu yao ndani ya dakika, kwa hiyo hakuna tena kisingizio cha "benki imefungwa". Kamati ya harusi inakuingiza kwenye kundi la WhatsApp usiku, asubuhi jina lako limeshaandikwa ahadi. Ada zimefutwa shule za serikali tangu 2016 lakini Januari bado inaleta sare, michango, madaftari na binamu ambaye hamjaonana tangu mbatizwe. Sisi kila mmoja ana kiwango cha kutuma upande wake kwa mwezi, na kikiisha kimeisha. Msiba tu ndio unaoruka foleni.

Sasa mtaniuliza, kwako anashika nani? Anashika yeye. Ndiyo, nimeona nilichoandika pale juu, na sikifuti, kwa sababu bado nakiamini kwa nyumba nyingine. Mshahara unaingia kwangu. Siku ya pili nahamishia akaunti ya pamoja ya matumizi, na kuanzia hapo ni kazi yake. Yeye ndiye anayejua mita, tarehe, barua zenye kidirisha. Anapiga simu kwenye kampuni ya gesi na kusikiliza ule muziki wao nusu saa bila kukata, jambo ambalo mimi nikitoka zamu siliwezi. Na ni bahili. Nyumbani ubahili wake ulikuwa unanitia aibu mbele ya wageni. Huku umekuwa neema. Kitu kimoja tu kilinichosha, kuzidisha kila bei kwa shilingi elfu tatu na ushee mbele ya watu dukani. Mkate huu elfu nne! Nimemwomba azidishe kimoyomoyo.

Lakini asije mwanamume akakata kipande hiki cha gazeti akambandikia mkewe ukutani. Kuna dada mmoja kazini alimpa mumewe kila kitu, nywila hadi kadi, na pesa zikajenga nyumba nzuri kweli huko kwao, kwa jina la kaka wa mume. Huyo nisingemwambia maneno ninayoyasema mimi. Ninayoyasema yana masharti: akaunti ya mshahara ni yangu na nywila ya ile ya pamoja tunayo wote, daftari liko mezani, nalisoma Jumapili na nauliza, na pesa ya upatu wangu na wenzangu wa Afrika Mashariki haiingii kwenye daftari la mtu. Mume akikataa mojawapo ya hayo, basi jibu langu ni lile la mwanzo, si haki, na ashike mke hata kama hajui kuzidisha.

Na kuna fungu moja ambalo hakuna anayelishika, si yeye si mimi. Viza yetu inakataza posho za serikali, hata ile ya watoto, na inaning'inia kwa mwajiri. Mwajiri akipoteza kibali cha kudhamini viza, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine mwenye kibali au ufunge mizigo. Nimewaona wenzangu yakiwapata, watu wazuri, wachapakazi. Kwa hiyo tumeweka pembeni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa na nauli za ndege za watu wanne, na kuzitoa kunahitaji sote wawili. Mama mkwe hajui kama zipo. Wifi yangu ndiye anayesoma gazeti hili kila wiki. Wifi, kama umefika mpaka hapa: hizo si za harusi.